Pima shabaha kwanza, ndipo uingie mwituni

Wahenga wetu walinena kwamba mshale usio nyoya hauendi mbali. Methali hii tumezoea kuitumia kila mahali: arusini, kwenye siasa, na hata tunapomuonya kijana anayetaka kufungua duka bila ya rasilmali. Leo, wasomaji wapenzi, nataka tuirudishe kwao, huko mwituni ilikozaliwa, kisha tuulize: je, na risasi ya bunduki isiyopimwa shabaha huenda wapi?

Najua yuko atakayeniambia, "Bwana wee, wewe ni mtu wa kalamu na mashairi, ya bunduki yakuhusu nini? Na hapa Kenya uwindaji si ulipigwa marufuku zamani?" Ni kweli. Uwindaji wa ndovu ulikatazwa mwaka 1973, mwaka 1977 ukafungwa uwindaji wa wanyama wengine, na mwaka uliofuata ikafungwa biashara ya pembe na ngozi zao. Basi siandiki kumtuma mtu mwituni. Lakini ng'ambo ya mpaka, kwa ndugu zetu wa Tanzania, watu wangali wakiwinda kwa leseni. Wageni kutoka Ulaya, Marekani na Arabuni huja msimu kwa msimu na bunduki zao, na wanaofuata nyayo mbele yao ni watu wasemao lugha hii niandikayo. Tena hapa kwetu wako askari wa wanyama ambao hutumwa kumuua nyati au ndovu aliyewahangaisha wakulima. Neno langu lawahusu hao wote.

Nami neno hili sikulitoa hewani. Nimelirithi kwa ami yangu, ndugu wa baba, Mungu amrehemu. Ami alikuwa mshika bunduki katika misafara ya wawindaji kabla ya 1977, pande za Garsen na Witu. Sisi watoto tulimjua kwa mambo mawili: kahawa yake isiyokuwa na sukari, na mguu wake wa kulia aliokuwa akiuburuta kama mtu anayevuta jahazi ufukweni. Mguu huo ulikuwa na kisa chake, naye alikisimulia barazani baada ya sala ya isha, tena si mara moja.

Alikuja mgeni, akasema, mtu mkarimu na mcheshi, na bunduki mpya yenye darubini juu yake. Njiani sanduku la bunduki lilianguka kutoka katika lori. Walipofika kambini, mwindaji mkuu alimwambia kwa adabu, "Bwana, kesho tupige karatasi kwanza." Mgeni akacheka. Akasema bunduki yake imepimwa kwao na fundi hodari, na tena siku zake ni chache, hakuja kuua karatasi. Mwindaji mkuu aliona haya kumbishia mtu aliyelipa fedha nyingi. Akanyamaza.

Asubuhi walimkuta nyati pembezoni mwa kichaka, hatua kama 80, amesimama ubavu, kichwa kimeelekea kushoto. Mgeni akalenga nyuma ya bega kama alivyofundishwa, akafyatua. Nyati akajikunja mgongo, akaingia kichakani. Ami alijua pale pale. Nyati aliyepigwa moyo au mapafu hukurupuka kwa nguvu, lakini hafiki mbali. Ajikunjaye mgongo amepigwa tumbo, na huyo ana siku nzima ya kuwangojea.

Mgeni aliambiwa abaki garini. Walioingia kichakani ni watatu: mwindaji mkuu, Mwaata mmoja aliyekuwa akisoma nyayo, na ami yangu na bunduki ya pili mkononi na kisu kiunoni. Walikwenda kwa saa mbili, hatua moja moja, wakifuata tone la damu hapa na jani lililovunjika pale. Nyati hakutokea mbele. Alikuwa amezunguka, akatokea ubavuni. Ami alirushwa, paja likavunjika mahali pawili. Mwindaji mkuu alimuua yule mnyama hatua tatu tu kutoka pale ami alipolala.

Jioni ile, huku ami amefungwa mbao mguuni akingojea gari la kumpeleka hospitali, waliitundika karatasi kwenye mti hatua 50, wakaipiga. Risasi zote ziliangukia kulia, shibiri nzima. Kwa hatua 80 hiyo ni zaidi ya shibiri moja na nusu. Nyati ametazama kushoto, risasi yaenda kulia: ndiyo maana ikapita bega na mapafu, ikatua tumboni. Mkono wa mgeni haukuwa na kosa. Alilenga sawasawa, na bunduki ikapeleka risasi kwingine. Ami alikuwa akimalizia kisa chake kwa maneno haya: "Lile ambalo karatasi ingelisema asubuhi kwa risasi moja, ulilisema mguu wangu jioni."

Wasomaji wapenzi, hapo ndipo penye kiini cha maneno yangu. Gharama ya bunduki isiyopimwa hailipwi na mwenye bunduki. Hulipwa na mnyama kwanza, kisha na yule mtu anayetangulia kichakani. Mwenye kosa yuko garini, anakunywa maji.

Sasa tuelewane bunduki hupimwaje, kwani wengi hudhani kwamba risasi huenda moja kwa moja pale jicho linapotazama. Si hivyo. Jicho hutazama kwa juu, ndani ya darubini au juu ya kile kidude cha kulengea, ilhali risasi hupita chini yake, ndani ya mtutu. Hizo ni njia mbili. Tena risasi ikishatoka tu, ardhi huanza kuivuta kama inavyolivuta jiwe lililorushwa na mtoto. Kwa hiyo mtutu huelekezwa juu kidogo kuliko jicho, risasi ikapanda ikaukuta mstari wa jicho, kisha mbele ikaanza kushuka chini yake. Kupima shabaha ni kuchagua masafa ambapo njia ya jicho na njia ya risasi zitakutana, na kuzikutanisha kweli, si kwa kudhania.

Wawindaji wengi huchagua yadi 100. Bunduki ya .30-06, ambayo ni maarufu mno duniani, ikipimwa kwa yadi 100 na risasi nzito ya kawaida, ikipigwa yadi 200 itaangukia kiasi cha inchi 4 chini ya pale ulipolenga. Mwenye kuyajua hayo atajua ainue kiasi gani, au ajizuie asipige. Asiyejua hubahatisha, na kubahatisha juu ya roho ya kiumbe ni jambo zito.

Kazi yenyewe haina uchawi. Kwanza, zikazwe parafujo zote zinazoishika darubini na kitako, kwa maana parafujo moja iliyolegea huharibu kazi ya siku nzima. Kisha itundikwe karatasi karibu, yadi 25, ili risasi ya mwanzo ionekane ilipoangukia. Mpigaji akae, na bunduki ilazwe juu ya mifuko ya mchanga, ili kosa litakaloonekana liwe la bunduki, lisiwe la mkono unaotetemeka. Ikisharekebishwa hapo, karatasi ihamishwe yadi 100. Zipigwe risasi tatu, si moja, na hukumu itolewe kwa kutazama kati ya matundu yote matatu, maana risasi moja huweza kudanganya. Darubini nyingi zina vifundo vya kuzungusha, na kila mlio mmoja wa kifundo husogeza shabaha karibu robo inchi kwa masafa hayo. Kwa hiyo milio minne ni inchi moja. Baina ya mafungu ya risasi, mtutu uachwe upoe, kwani mtutu wa moto huweza kupeleka risasi pengine, na mnyama siku zote hupigwa na mtutu baridi. Mwisho, zitumike risasi zile zile zitakazokwenda mwituni. Ukipima kwa risasi za uzito huu ukaenda kuwinda kwa za uzito mwingine, hukupima.

Mtu asidharau kosa dogo. Inchi moja kwa yadi 25 huwa inchi 4 kwa yadi 100, na huwa inchi 8 kwa yadi 200. Kosa la bunduki ni kama deni la riba: jinsi linavyokwenda mbali ndivyo linavyokua. Na mwilini mwa mnyama inchi chache zina maana kubwa. Moyo wa nyati uko chini, baina ya miguu ya mbele. Mapafu yako juu yake. Nyuma kidogo tu ni tumbo. Mbele ni kifo cha mara moja, nyuma ni adhabu ya saa nyingi, au ya siku.

Yako mambo matatu ambayo watu huyatolea udhuru, nami nimeyasikia yote.

La kwanza ni lile la mgeni wa ami: "Ilipimwa nyumbani." Haya, ilipimwa. Lakini tangu hapo imepanda ndege, imetupwa na wachukuzi, imepakiwa garini na kutikiswa siku nzima katika njia ya mashimo. Nahodha aliyelikagua tanga lake bandarini Mombasa hulitazama tena akifika Lamu kabla ya kuelekea bahari kuu. Hasemi, "Nililitazama juzi." Wengine husema fundi wa dukani ameinyoosha kwa chombo cha kuchungulia ndani ya mtutu. Chombo hicho kina faida yake: kitakusaidia risasi ya kwanza ipate karatasi. Lakini hakipigi risasi, wala hakijui bunduki yako itafanya nini ikishika moto.

La pili ni kwamba milio itawafukuza wanyama, na risasi ni ghali. Basi palipo na kambi hapakosi mahali pa kando pa kupigia karatasi. Na risasi tatu au sita zina thamani gani mbele ya safari nzima? Katika nchi nyingi za Afrika ambako uwindaji waruhusiwa, mnyama aliyejeruhiwa akapotea huhesabiwa kuwa ameuawa, na mgeni hulipa ada yake yote ingawa harudi na kitu. Huyo aliyefanya ubakhili wa risasi tatu huishia kulipia mnyama mzima aliyeliwa na fisi.

La tatu ndilo kubwa, nalo halisemwi wazi: ni kiburi. Mtu huona kwamba kuambiwa "tupime" ni kuambiwa "hujui". Hapa nitamtaja Mskoti mmoja, W. D. M. Bell, aliyefariki mwaka 1954, ambaye watu walimwita Karamojo kwa sababu ya kuwinda sana nchi ya Karamoja, Uganda. Huyu aliua ndovu zaidi ya elfu, na wengi wao kwa bunduki ndogo ya milimita 7 ambayo wenziwe waliiona ni ya swala. Mimi simsifu kwa idadi hiyo. Kwa macho ya leo inatia huzuni. Lakini watu walipozisikia habari zake walishika lile la bunduki ndogo, wakasahau lile la pili: kwamba Bell alipasua vichwa vya ndovu kwa msumeno ili aone ubongo umekaa wapi, na alikuwa akijizoeza kulenga na kufyatua hata bila ya risasi. Hodari wa kweli ndiye aliyepima zaidi ya wote. Anayeona haya kupima ni mwanafunzi.

Baadaye sheria za nchi kadhaa za Afrika zilikuja kuagiza kwamba wanyama wa hatari wasipigwe kwa bunduki iliyo chini ya .375. Ni sheria nzuri, lakini ina mtego ndani yake. Bunduki kubwa humpiga mwenyewe begani kama teke la punda, kwa hiyo mwenyewe huiogopa, na kwa kuiogopa haipigi ila akilazimika. Hivyo bunduki iliyonunuliwa kwa ajili ya mnyama mkali kuliko wote ndiyo iliyozoeleka kidogo kuliko zote. Sheria yaweza kupima tundu la mtutu, lakini haiwezi kuipima shabaha ya mtu. Hiyo ni amana yake mwenyewe.

Na neno amana lanirudisha chuoni, nilikosomea Kurani nikiwa mdogo. Mwalimu wetu alikuwa akitufundisha adabu za kuchinja, akatueleza kwamba Mtume wetu alituamrisha wema katika kila jambo, hata katika kuua: mchinjaji akinoe kisu chake, wala asimtese mnyama wake. Mwalimu hakuishia hapo. Alitutolea kisu, akatuamuru tukijaribu juu ya unyoya, na asiyekuwa na kisu kikali hakupewa kuku wa kuchinja. Tulimwona mkali. Sasa namwelewa. Kisu butu hakimdhuru mwenye kukishika, humdhuru yule aliyelazwa chini. Na bunduki isiyopimwa ni kisu butu kinachokata kutoka mbali.

Ami naye alilijua hilo kwa njia yake. Washika bunduki Waislamu walikuwa na mbio zao: risasi ikilia na mnyama akaanguka, hukimbia na kisu wamuwahi angali na roho, wamchinje, ili nyama ile iwe halali kwa watu wa kambi. Aliniambia kwamba kwa mgeni aliyepima shabaha mbio hizo zilikuwa fupi, na nyama ikaliwa. Kwa asiyepima, mbio zilikuwa za kutwa nzima, na mara nyingi kisu kilirudi alani kikavu, na kambi ikalala kwa maharagwe, huku wakijua kwamba kuna kiumbe kinagugumia gizani kwa ajili yao.

Watakuwako watakaosema kwamba dawa ni moja tu: uwindaji ufungwe kila mahali kama ulivyofungwa Kenya. Huo ni mjadala mkubwa, na wenye hoja wako pande zote mbili. Lakini mjadala huo hautakwisha kesho, na kesho asubuhi kuna mtu atakayeingia kichakani nyuma ya mnyama aliyejeruhiwa. Mtu huyo hawezi kungoja wataalamu wamalize mkutano wao.

Kwa hiyo rai yangu ni hii. Kambi yoyote ya uwindaji iwe na ada isiyovunjwa: siku ya kwanza ni ya karatasi. Asipige mnyama mtu ambaye bunduki yake haikupigwa karatasi mbele ya mwenyeji wake, awe tajiri, awe mkuu, awe ni mwindaji wa miaka 30. Bunduki ikianguka, karatasi tena. Darubini ikiguswa, karatasi tena. Na karatasi hiyo asioneshwe mwindaji mkuu peke yake. Aoneshwe na mfuata nyayo, kwani yeye ndiye atakayekwenda mbele, naye apewe haki ya kusema, "Mimi na bunduki hii siendi," na asifukuzwe kazi kwa neno hilo. Askari wetu wa wanyama nao wapewe risasi za kupimia, zisihesabiwe kuwa ni hasara. Mwenye duka hupimiwa mizani yake ili asimpunje mnunuzi sukari. Mshairi huhesabu mizani yake kabla ya kusimama mbele ya watu. Itakuwaje mwenye kutoa roho asipimwe?

Katika kisa chote kile, ami hakumlaumu sana yule mgeni. Alikuwa akimlaumu mwindaji mkuu, aliyejua akanyamaza kwa kuona haya. Haya ni sehemu ya imani, lakini haya inayovunja mguu wa mtu mwingine si haya tena, ni uoga. Basi na tuseme, hata kwa mwenye fedha, hata kwa mwenye cheo. Nami kwa kuwa ni mtu wa tungo, namwachia mwindaji ubeti huu mmoja auweke mfukoni pamoja na risasi zake:

Mwindaji ukiondoka, anza kwanza uwanjani,
Bunduki ikinyooka, ndipo uende nyikani,
Mnyama akiponyoka, na risasi i mwilini,
Dhima haitakutoka, hata kesho kaburini.